Mke wangu yuko kwenye theluji, nami nimeshindwa kujua namna ya kuilinda nyumba yangu

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni baba wa watoto watatu, mtumishi wa serikali hapa Dodoma na mzee wa kanisa katika mtaa wetu. Nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulipeleka kwenye jumuiya bila kumvunjia heshima mke wangu, na ndugu zangu nawajua, jibu lao ninalo hata kabla sijawauliza.

Mke wangu ni muuguzi. Miaka mitatu iliyopita alipata nafasi ya kwenda Kanada, na sasa anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Winnipeg. Tulikubaliana sote wawili, tukaombewa kanisani, na mama yangu mzazi alitoka Kongwa kuja kumbariki. Makubaliano yalikuwa aende, tumalize deni la nyumba, kisha arudi. Deni limekwisha. Sasa anasema hatarudi yeye, bali tumfuate sisi, na amenitaka nimtumie vyeti vya kuzaliwa vya watoto ili aanze kushughulikia vibali. Vyeti viko kabatini, na kila wiki namwambia nitavituma.

Kinachonikosesha usingizi si fedha wala umbali. Ni kile ninachokiona kikimtokea mke wangu kila majira ya baridi yanapoingia. Kuanzia Novemba hivi hunitumia picha za theluji, mwanzoni kwa furaha, baadaye kimya. Kanisani haendi. Mara yuko zamu ya usiku, mara basi halikupita, mara barabara imefungwa. Jumapili nyingi husikiliza ibada yetu ya kwanza kwa simu akiwa kitandani, maana sisi tukianza saa moja asubuhi, kwake bado ni Jumamosi saa nne usiku. Nilipomwonya alijibu kwamba baridi si tatizo, tatizo ni giza, na kwamba amechoka. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya akina mama.

Mwaka jana nilipata mtu wa kumpelekea mzigo. Nilifunga mboga ya ilende, karanga, unga wa uwele, na chupa ya mafuta ya upako niliyoombewa na mtumishi mmoja, pamoja na maelekezo ya kupaka kwenye miimo ya mlango na madirisha. Baada ya mwezi tukawa tunaongea kwa video, nikaona chupa ile iko mezani karibu imekwisha. Nikafurahi, nikamuuliza kama amepaka mlango. Akaniambia anajipaka mikononi na midomoni, kwa sababu ngozi imepasuka mpaka inatoa damu, na kwamba ni mafuta mazuri sana. Binti yetu alicheka. Mimi sikucheka.

Nilirudi kwa mtumishi yule. Ameniambia ameona shuka jeupe likiwafunika watoto wangu watatu kama sanda, kwamba theluji ile ni roho ya mauti inayogandisha imani za watu wetu huko ughaibuni, na kwamba nisiwapeleke watoto kabla ya kutoa sadaka ya ulinzi kwa kila mmoja. Kiasi alichotaja ni karibu mshahara wangu wa mwezi. Mke wangu aliposikia alikata simu.

Halafu siku ya akina mama kanisani ikasomwa Mithali 31, na nikasikia kwamba mke mwema haiogopei nyumba yake theluji. Nimesoma sura hiyo tangu ujana, lakini siku hiyo ilinichoma. Mbona mimi naogopa? Mimi ndiye kichwa cha nyumba. Saa tisa usiku naamka kuwaombea, na bado nahisi kwamba upande mmoja wa nyumba yangu uko wazi. Je, niwapeleke watoto mahali ambapo nimemwona mama yao akipoa? Au nimwite arudi, na akikataa? Naomba ushauri wako.

Baba wa watoto watatu, Dodoma

*

Baba wa watoto watatu,

Asifiwe milele. Nashukuru kwamba umeandika kabla hujatuma vyeti na kabla hujatoa ile sadaka, maana ukiwa hujaamua lolote bado tuna nafasi ya kuzungumza.

Nirudie jambo lako kwa maneno yangu, nawe utaona kama nimekuelewa. Wewe na mama watoto mlikubaliana safari yenye mwisho, na mwisho ule umefika bila yeye kurudi. Unamwona akipungua katika mambo ya ibada, na unaamini kwamba nchi yenyewe, pamoja na theluji yake, ndiyo inayompunguza. Unaona ni wajibu wako kuizungushia ulinzi nyumba yako yote kutokea Dodoma, na umetumia njia ulizozijua: maombi ya usiku, mafuta, na ushauri wa mtumishi. Njia zile hazikukupa amani, na moja kati ya hizo imewagombanisha. Ndani ya barua yako mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, moja la mahali pa kuishi na jingine la hofu, nami ningependa tuyafungue, kwa sababu lile la kwanza haliamuliki vizuri lile la pili likiwa bado limelikalia juu.

Nianze na theluji, kwa kuwa imebebeshwa mzigo mzito. Katika Maandiko theluji si ya adui. Zaburi ya 147 inasema Mungu ndiye anayeitoa, na ile ya 148 inaitaja pamoja na moto, mvua ya mawe na upepo wa dhoruba, vyote vikilitenda neno lake. Isaya, akitaka kueleza msamaha, anasema dhambi zijapokuwa nyekundu sana zitakuwa nyeupe kama theluji, na Daudi katika toba yake anaomba aoshwe awe mweupe kuliko theluji. Katika Isaya 55 theluji na mvua zinashuka kwa kazi moja, kuinywesha ardhi mpaka impe mpanzi mbegu, jambo ambalo sisi wa Dodoma, tunaongoja mvua kuanzia Desemba tukitazama mawingu kila jioni, tunalielewa bila kufafanuliwa. Na ni kweli hata kwa macho: katika nyanda za Kanada ngano inayopandwa kabla ya baridi huokolewa na tabaka la theluji, kwa sababu theluji hushika hewa ndani yake na kuikinga mimea isiuawe na baridi kali iliyo juu. Mtu aliyeona shuka jeupe akalitafsiri kuwa sanda alikuwa na tafsiri nyingine nyingi za kuchagua, na za Biblia kabisa.

Tena wewe na mtumishi yule mnaihukumu theluji ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuikanyaga. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro na kuandika kwamba ni theluji. Mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London akambishia kwa miaka mingi, kwa hoja nzuri sana, bila kuwahi kuuona mlima wenyewe. Katika nyumba yenu aliyeiona theluji ni mmoja tu, na alikuambia neno fupi ambalo umelinukuu kisha ukalipita: baridi si tatizo, tatizo ni giza.

Baba, naomba urudi kwenye neno hilo. Sisi huku mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Winnipeg mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni, na wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, huku usiku mwingine ukishuka kupita 30. Muuguzi wa zamu ya usiku hutoka kazini giza bado halijaondoka, hulala wakati wa ule mchana mfupi, na huamka giza limerudi. Anaweza kumaliza siku kadhaa hajaliona jua. Wapo watu wengi, na si Waafrika peke yao, ambao mwili na moyo wao huanguka katika majira hayo: usingizi huharibika, nguvu huisha, mambo waliyoyapenda hayawavutii tena, na maombi huwa mazito mdomoni. Ni hali inayojulikana na madaktari na ina tiba zake. Kuna taa maalumu ya mwanga mkali, kuna kujilazimisha kutoka nje mchana hata kwa muda mfupi, kuna kupimwa vitamini D, na kuna kuongea na daktari. Sisemi kwamba ndicho kilichompata mke wako, maana sijamwona. Nasema kwamba dalili ulizozisoma kama kupoa kwa imani zinaweza kusomeka pia kama uchovu wa mtu anayeishi gizani peke yake, na mtu wa namna hiyo akiletewa onyo badala ya swali hunyamaza.

Na kuhusu mafuta, nivumilie, kwa sababu mimi nilitabasamu pamoja na binti yako. Hewa ya baridi kali hubeba unyevu kidogo sana, na ikipashwa moto ndani ya nyumba hukauka zaidi, ndiyo maana mikono ya mtu anayenawa mara kwa mara kazini hupasuka mpaka damu. Msamaria mwema alipomkuta yule mtu njiani alimtia mafuta na divai kwenye majeraha. Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta, na hataji mlango. Wewe ulituma mafuta ukitaka yamlinde, naye akayapaka pale alipokuwa anaumia. Huenda hakuyadharau hata kidogo. Umewahi kumuuliza mikono yake imepona?

Sasa tuje kwenye Mithali 31, kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyeileta. Umesikia ndani yake shutuma, nami nadhani umejiweka mahali pa mtu mwingine katika sura ile. Asiyeiogopea nyumba yake theluji ni mke. Na sababu inayotolewa ni kwamba watu wake wote wamevaa, kwa kuwa yeye ametafuta sufu, akasokota, akashona, akaamka usiku haujaisha. Ulinzi unaotajwa hapo ni wa nguo, wa kazi ya mikono, wa mtu aliyeijua baridi inavyokuja akajiandaa. Mume naye yupo, ameketi malangoni pamoja na wazee, kama wewe, na sura ile haimpi kazi nyingi. Imeandikwa, "Moyo wa mumewe humwamini," na mwishoni anamsifu. Basi. Najua unaamini kwamba kichwa cha nyumba ndiye ukuta wake, nami siji kukunyang'anya wajibu huo. Nauliza tu kama katika miaka hii mitatu, anayelipa deni kwa kukesha kwenye theluji amekuwa analindwa au amekuwa analinda.

Unaamka saa tisa usiku kuomba. Katika majira ya baridi saa hiyo Winnipeg ni saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, giza limeshaingia, naye pengine anajiandaa kwenda zamu. Baadhi ya usiku huo ungeweza kupiga simu ukaomba pamoja naye, dakika chache, bila kuuliza lolote kuhusu Jumapili.

Ayubu alikuwa baba wa namna yako. Kila karamu za wanawe zilipokwisha aliamka alfajiri kuwatolea sadaka mmoja mmoja, akihofu kwamba huenda wametenda dhambi mioyoni. Hakukosea, na Maandiko hayamlaumu. Hata hivyo upepo ukaja ukaipiga nyumba waliyokuwamo. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu ndipo ilipo hofu ya wazazi wengi: tunaomba tukidhani maombi ni mkataba, na baya likitokea tunadhani tulisahau upande mmoja wa nyumba. Mtumishi anayekuambia kwamba watoto wako watakuwa salama ukitoa kiasi fulani kwa kila kichwa anakuuzia mkataba ambao Ayubu hakuwa nao. Yohana ameagiza tusiamini kila roho, bali tuzijaribu. Kipimo kimoja rahisi ni kumweleza mchungaji wako jambo lote, pamoja na kiasi kilichotajwa, na kuangalia uso wake.

Kuhusu mahali pa kuishi, sitakuchagulia, lakini tutazame njia zilizopo.

Mke wako anaweza kurudi. Neno lilikuwa hilo, na una haki ya kulikumbusha. Lakini fikiria anarudi akiwa ameitwa kwa sababu ya maono ya mtu mwingine, bila kusikilizwa sababu zake. Mtu anaweza kuwa sebuleni kwako na bado akawa mbali kuliko Winnipeg. Tena hujaniambia kwa nini amebadili mawazo. Ni ada za watoto? Ni kazi anayoipenda? Ni aibu ya kurudi na kuanza upya kutafuta ajira? Barua nzima imenieleza unachokiona wewe. Anachokiona yeye sikukisoma.

Mnaweza kumfuata. Hapa nakuuliza swali gumu kwa heshima zote: huko wewe utakuwa nani? Hapa ni mtumishi wa serikali na mzee wa kanisa. Majira ya baridi ya kwanza kule unaweza kuwa mume anayesubiri vibali, anayefundishwa na mkewe namna ya kuvaa buti na kupanda basi. Wapo wanaume ambao hali hiyo imewavunja, na ndoa zikavunjika nao. Inawezekana hofu unayoiita ya watoto ina kipande chako ndani yake, na si dhambi kukitaja. Kuna mama yako Kongwa pia, ambaye hukumtaja tena baada ya baraka. Na mkienda, ulizeni mapema kanisa liko umbali gani kutoka kituo cha basi, maana kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri hilo nalo ni suala la kiroho.

Mnaweza kuendelea hivi hivi, kila mmoja upande wake. Ndiyo njia inayotokea yenyewe vyeti vikikaa kabatini, na kwa sababu haionekani kama uamuzi, ndiyo inayoniogopesha kidogo. Watoto wanakua bila mama nyumbani, na yeye anaingia giza jingine peke yake.

Na kuna njia ndogo zaidi, ya wewe kwenda kutazama kwanza, kama uwezo upo na viza ikipatikana, kwa kuwa haina uhakika na gharama yake si ndogo. Ukienda, nenda Januari. Watu wengi huenda Julai, wakakuta majani mabichi na jua la saa tatu usiku, wakarudi na uamuzi wa nchi nyingine kabisa.

Wafugaji wa kwetu huzungushia zizi miiba usiku ili fisi asiingie, na asubuhi mlango hufunguliwa, maana ndama aliyefungiwa mchana kutwa hufa kwa njaa bila fisi kumgusa. Ukiwaza ulinzi wa wanao, waza na malisho: imani wataila wapi, kwa mkono wa nani, Dodoma au kwingineko. Paulo alipoitaja imani ya Timotheo aliifuata nyuma hadi kwa mama yake Eunike na bibi yake Loisi. Ilipita kwa wanawake waliokuwa karibu naye. Katika nyumba yako wanawake hao ni mke wako na mama yako, nao wako pande mbili za bahari. Huo ndio ugumu wa kweli wa jambo lako, na sioni njia ya kuufanya mwepesi.

Kabla ya lolote, zungumza na mama watoto simu isiyo na ajenda ya vyeti. Mwambie unaogopa. Nadhani amesikia maonyo yako mengi, na hofu yako hajaisikia hata mara moja. Kisha mwache aeleze giza lile lilivyo, na usimjibu kwa mstari wa Biblia mpaka amalize.

Na yupo mwingine ambaye hajaulizwa. Binti yenu, aliyecheka ile siku ya mafuta, ana umri wa kuelewa kicheko chake kilikuuma. Kama yuko sekondari, basi kuna mtihani wa taifa mbele yake, wa kidato cha pili au wa nne, na yote hufanyika karibu na Novemba, mwezi uleule ambao mama yake huanza kunyamaza. Muulizeni yeye na wadogo zake wanataka nini na wanaogopa nini, mkiwa wote wawili kwenye simu, kabla tarehe yoyote ya safari haijatajwa.

Utuandikie tena.

Mshauri wako